Wa Mwisho Aliyengojewa

Juma hili nataka tuzungumze habari za mtu wa Eldoret aliyejulikana duniani kwa kufika wa mwisho.

Bwana Philip Boit alizaliwa Eldoret mwaka 1971. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, wa jamaa moja na Bwana Mike Boit aliyepata nishani ya shaba katika mbio hizo kule Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Finland pamoja na mwenziwe, Bwana Henry Bitok, wajifunze mchezo mgeni kabisa: kushindana juu ya theluji kwa mbao ndefu nyembamba zilizofungwa miguuni, huku mtu akijisukuma kwa fimbo mbili. Baridi ya asubuhi ya Uasin Gishu twaijua sote, lakini theluji Boit hakuwa ameiona kamwe. Miguu hodari iliyozoea vumbi ikawa kama ya mtoto anayejifunza kusimama.

Februari 1998, kule Nagano, Japani, Boit akawa Mkenya wa kwanza kuingia Olimpiki ya majira ya baridi. Katika kilometa 10 alishinda Bjørn Dæhlie wa Norway, kwa dakika 27 na sekunde kadhaa. Boit alitumia dakika 47 na zaidi, akawa wa 92, nyuma ya wote waliomaliza. Lakini bingwa yule hakwenda zake. Alimngojea mwisho wa njia, akamkumbatia mbele ya watu wote.

Boit naye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Wala hakuacha mchezo. Alishiriki tena Salt Lake City mwaka 2002 na Torino mwaka 2006.

Wako miongoni mwetu watu wazima wanaoona haya kuanza jambo jipya. Karani aogopa kukaa darasani na vijana. Mkulima aogopa kujaribu zao geni, asije akachekwa na jirani. Ni kweli, mtu mzima akianguka huchekwa. Lakini asiyeanza hana hata nafasi ya mwisho.

Na wewe uliyekwisha kufika, usiyejua tena taabu ya kuanza, nakuuliza: juma hili umemngojea nani?