Kamera Isiyotii Mkono

Sifa ya kwanza ya chombo ni utii. Jembe humtii mkulima, randa humtii seremala, na sindano humtii mshonaji. Lakini kamera ndogo nyingi za kidijitali zimeundwa kinyume cha desturi hiyo: chombo huamuru, na mwenye chombo hufuata. Nasema, msomaji, kwamba jambo hili ni kosa, na kwamba yatupasa kudai kamera ndogo zenye magurudumu na pete za kutawaliwa kwa vidole.

Picha ni kazi ya mwanga. Mwanga huingia kwa kadiri ya upana wa tundu la lenzi, na kwa kadiri ya muda ambao kilango cha kamera hukaa wazi. Katika kamera za zamani, pete ya lenzi ilitawala tundu, na gurudumu dogo lilitawala muda, kila kimoja na tarakimu zake. Sogeza gurudumu kutoka 125 hadi 250, yaani kilango kikae wazi kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde badala ya sehemu moja ya 125, na mwanga utapungua nusu. Sogeza pete kutoka 8 hadi 5.6, na mwanga utarudi kama ulivyokuwa. Mwangaza wa picha ni ule ule, lakini picha ni nyingine: mkimbiaji aonekana wazi zaidi, na miti iliyo nyuma yake imefifia. Hesabu hii mwanafunzi huishika kwa vidole kabla ya kuishika kwa akili.

Leo hesabu hiyo imefichwa ndani ya menyu. Mtu hubonyeza kitufe, hutafuta, hubonyeza tena. Amalizapo, mtoto aliyekuwa akicheka amekwisha kununa. Aliyechoka kutafuta huiachia kamera iamue, nayo kamera haijui nia yake. Mpige picha mtu aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, jua likiwaka. Kipimo cha kamera hudhani kwamba kilicho mbele yake ni cha rangi ya wastani. Kikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na mara nyingi uso wa mtu huingia giza. Mashine haina hatia, maana imepima kama ilivyofundishwa. Mwenye hatia ni yule aliyemnyima mpiga picha njia nyepesi ya kuisahihisha.

Watengenezaji watajibu kwamba kamera ndogo haina nafasi ya magurudumu. Rollei 35 ya mwaka 1966 haikufika upana wa sentimita 10, na ilikuwa na magurudumu mawili usoni pake. Watasema tena kwamba watu wana haraka. Fujifilm X100, iliyoanza kuuzwa mwaka 2011, ina pete na gurudumu, na kila kimoja kina herufi A: ukiiweka hapo, kamera huamua, ukiiondoa, waamua wewe. Basi hoja zote mbili zimeanguka.

Iliyobaki ni dhuluma ya bei. Magurudumu hayo kwa kawaida huwekwa katika kamera za ghali, kana kwamba maarifa ni pambo la tajiri. Mwanafunzi, ambaye ndiye mwenye haja kubwa ya kujifunza, hupewa kamera bubu. Na sasa ambapo simu zimetwaa kazi ya picha za haraka, kamera ndogo isiyofundisha wala kutii imebakiwa na kazi gani?

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapokwenda kununua kamera, usiulize kwanza itakufanyia nini. Uliza itakuruhusu kufanya nini. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na anayetegemea akili ya mashine peke yake atapata picha nyingi maishani mwake, wala hatajua hata moja ilipatikanaje.