ELIMU YA KUFUNGIWA MLANGO



Wengi mnaijua katuni ya Dexter's Laboratory, iliyotungwa na Genndy Tartakovsky na kutengenezwa Marekani kuanzia mwaka 1996 hadi 2003. Dexter ni mtoto hodari wa sayansi. Nyuma ya kabati la vitabu chumbani kwake ameficha maabara kubwa, na wazazi wake hawana habari. Dada yake mkubwa, Dee Dee, kila akiingia hubonyeza vitufe na kuharibu.

Watazamaji humcheka Dee Dee. Mimi nasema tumtazame Dexter. Ana akili ya kuunda roboti, lakini hana subira ya kumweleza dada yake kitufe kimoja kinafanya kazi gani. Humfukuza tu, na kesho hasara ni ile ile. Lau angemfundisha, huenda angepata msaidizi.

Basi nanyi mliotangulia darasani, msiwafukuze wenzenu wanaouliza. Anayejua akaficha, faida yake kwa watu ni sawa na ya asiyejua. Elimu haipungui kwa kugawiwa. Katuni itazameni kwa kiasi, lakini funzo hili lichukueni.

Wabillahi tawfiq.