LAMI SI SAFARI



Serikali haichoki kujisifu kwa idadi ya watalii. Mwaka 2024 walihesabiwa zaidi ya 2,000,000. Hesabu hiyo hatuikatai. Tunauliza tu: jee, ni wangapi kati yao waliofikishwa Songea?

Songea si mahali pa kupita njia. Hapo ndipo tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani walipowanyonga wazee wa Kingoni kwa kosa la kuikataa dola ya kigeni. Hapo pana Makumbusho ya Majimaji. Hapo ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja Novemba 2023 kuomba msamaha. Mgeni wa dola hakosi gari. Lakini mwanafunzi atokaye Pemba, au kijana wa Kijerumani atakaye kujua babu zake walitenda nini, huyo apandie wapi?

Watukufu watatujibu kuwa barabara zimejengwa. Ni kweli, na haki yao hatuwanyimi. Lami imefika Songea kutoka Njombe, imekwenda Tunduru, imeshuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay kwa kilomita 67, na uwanja wa ndege umekarabatiwa. Lakini lami si safari! Safari ni chombo chenye saa inayojulikana, nauli iliyoandikwa, na mtu wa kuulizwa kisipofika. Mgeni anayeshushwa stendi ya Shule ya Tanga, nje ya mji, apatane bei na wa kwanza kumshika mkoba. Akitaka kuyaona mashamba ya ngoro ya Wamatengo, au kuteremka Ziwa Nyasa, na aulize njiani.

Watasema hiyo ni kazi ya wafanya biashara. Jee, mfanya biashara ataweka gari pasipo abiria? Abiria hawaji kwa kuwa hapana gari, na gari haliji kwa kuwa hapana abiria. Fundo hili ni la Serikali kulifungua. Tena ni Serikali hiyo hiyo ambayo, kwa mkono wa LATRA, hupanga nauli za mabasi. Mwenye mamlaka ya kupanga nauli hawezi kusema kuwa usafiri haumhusu.

Wala asitokee wa kutuuliza sisi watu wa Visiwani, Songea inatuhusu nini. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na Majimaji ni urithi wa kila aliyepata kutawaliwa. Zaidi ya hayo, gari litakalomchukua mgeni ndilo litakalomchukua mama anayekwenda hospitali ya Peramiho.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Serikali imemwita mgeni na imekwisha kupokea ada yake ya viza. Basi tunadai mambo matatu: gari la umma la kila siku baina ya uwanja wa ndege, stendi na Makumbusho, ratiba na nauli zibandikwe hadharani, na atajwe afisa wa kuwajibika.

Tunangoja jawabu. Hotuba tumekwisha kuzisikia. Safari hii tunataka kuliona gari.