Jezi za nini, jamani?

Siku hizi kila Alhamisi, sisi wa uhasibu hapa Posta tukitoka kazini tunapanda baiskeli, tunafuata Barabara ya Barack Obama hadi Coco Beach kula mihogo. Anayetuongoza ni mlinzi wetu, maana yeye huja kazini na Phoenix yake kutoka Buguruni. Wakubwa wenye baiskeli za gia wanamfuata wakihema. Hilo nalipenda mno.

Nisilolitaka ni michango ya jezi. Tukianza kuchangishana, mlinzi ndiye atakayeacha kwanza. Kama hela ipo, tununue taa: Dar giza huingia mapema mwaka mzima, na dereva wa daladala hakuoni. Halafu, bosi wangu, kile kikao cha Alhamisi saa kumi na nusu kihamie asubuhi.