Dawa ya Kikohozi ya Nyumbani: Tuitengeneze kwa Elimu

 

Ndugu Waislamu, kila msimu wa kipupwe unapoingia, kikohozi husikika katika safu za sala ya Alfajiri, na watoto wengi huja madrasa wakiwa na mafua. Majumbani, akina mama huchemsha tangawizi, wakatia ndimu na asali. Hii ni ada njema tuliyoirithi kwa wazee wetu, na rai yetu ni kwamba idumishwe. Lakini idumishwe kwa elimu, kwani jambo jema likifanywa kwa ujinga huzaa madhara.

Kwanza, Allah (S.W.) ameitaja asali katika Surat An-Nahl, aya ya 69, kuwa ni yenye ponyo. Pili, Shirika la Afya Duniani (WHO), katika waraka wake wa mwaka 2001 kuhusu kikohozi cha watoto, lilizitaja asali na ndimu kuwa ni vitu vya kulainisha koo. Tatu, dawa ya dukani nayo si salama daima. Mwaka 2022 nchini Gambia, takriban watoto 70 walifariki baada ya kunyweshwa dawa za kikohozi na homa zilizotoka nje, ambazo zilikutwa na kemikali za sumu. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Utengenezaji wake ni mwepesi. Kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole huoshwa, kikatwangwa, kikachemshwa katika vikombe viwili vya maji mpaka kibaki kimoja. Maji huchujwa, yakaachwa yapoe hadi kuwa vuguvugu, kisha hutiwa kikombe kimoja cha asali safi na maji ya ndimu mbili. Huhifadhiwa katika chupa iliyochemshwa, mahali pa baridi, na kisichomalizika kwa wiki moja hutupwa. Mtoto aliyetimiza mwaka hupewa kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala.

Tumesema aliyetimiza mwaka, na hapa ndipo penye nasaha yetu kubwa. Mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali kabisa, hata ya kulamba. Asali huweza kubeba vijimbegu vya ugonjwa wa botulizimu ambavyo huota ndani ya utumbo wa mtoto mchanga na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kuichemsha jikoni hakuviui.

Huenda akasema msemaji: vipi kitu kilichosifiwa na Qur'ani kimdhuru mtoto? Tunajibu: ponyo iliyomo katika kitu hailazimu kwamba kimfae kila mtu katika kila umri. Saumu ya Ramadhani ina kheri nyingi, na pamoja na hayo mgonjwa ameruhusiwa kula. Ama tahnik, iliyothibiti katika Sahihi mbili ni kwamba Mtume (S.A.W.) aliwafanyia watoto wachanga kwa tende. Wanazuoni walioitaja asali waliitaja pale tende inapokosekana, na leo tende zimejaa masokoni. Basi kwa nini tuache lililothibiti, tukashika lenye hatari?

Jambo la pili ni biashara. Chupa zisizo na maelezo yoyote huuzwa milangoni mwa misikiti baada ya sala ya Ijumaa kwa jina la "tiba ya Sunna". Mnunuzi haambiwi kilichomo wala siku iliyotengenezwa, bali huambiwa inatibu pumu, kifua kikuu na kisukari. Huku ni kumsingizia Mtume (S.A.W.) asiyoyasema. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Maimamu wetu wasiwafumbie macho watu hawa.

Mwisho, tujue mpaka wa dawa hii. Hulainisha koo na kupunguza kikohozi cha mafua, wala haitibu kichomi. Mtoto wa miezi miwili hadi 12 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano mara 40 au zaidi, au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Mtoto aliye chini ya miezi miwili asisubirishwe nyumbani. Kumchelewesha kwa hoja ya kutawakali si kutawakali, kwa sababu Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Watoto ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Wabillahi tawfiq.