Mama wa Mbeere Hahitaji Semina

Kila kunapofanywa semina ya lishe Meru au Embu, wimbo ni ule ule: watu wetu hawali vizuri kwa kuwa hawana elimu. Bango lenye sahani ya rangi rangi linabandikwa ukutani, chai na mandazi vinazungushwa, watu wanatia sahihi na kwenda zao. Sijaona bado semina ya lishe iliyowaandalia watu nduma.

Hawajui nini hasa? Muulize nyanya wa Imenti, Meru, mama aliyejifungua apewe nini, atakutajia njahi na uji wa wimbi kabla hujamaliza swali. Mwongozo wa lishe wa Wizara ya Afya wa mwaka 2017 unahimiza mboga, matunda, jamii ya kunde na nafaka zisizokobolewa. Yeye aliyapika hayo tangu akiwa msichana. Ni kweli, utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 94 ya Wakenya hawafikishi sehemu 5 za matunda na mboga kwa siku. Lakini nchi nzima haiwezi kuwa imesahau mboga ni nini.

Ukitaka kujua sababu, ufuate mkungu wa ndizi. Unakatwa Imenti ukiwa mbichi, broka anautajia bei, lori linaupeleka Nairobi, na aliyeupalilia anabaki na noti zinazosubiriwa na karo. Igembe shamba ni la miraa. Mbeere ni muguka, na mtama wa Gadam ukivunwa njia yake ni ya kiwanda cha bia. Mwenye robo ekari anajua kwamba muguka humpa pesa mara kwa mara, ilhali njahi hungoja mvua, nayo mvua haina ahadi. Basi anachuma, anauza, anapita dukani kwa pakiti ya unga mweupe. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kuliko bango letu.

Kinachoniudhi zaidi ni alama zinazotolewa kupima mlo wa watu. Mwaka 2019 tume ya wanasayansi ya EAT-Lancet ilipendekeza mlo wa kulinda afya na dunia, nyama nyekundu ikiwa kama gramu 14 kwa siku, na hata sifuri inakubalika. Kwa kipimo hicho, nyumba inayoonja nyama Krismasi hadi Krismasi inapata alama zote za nyama. Mpimaji anaandika: amefuata. Amefuata nini, na mfuko ndio uliomkataza? Baadaye watafiti walikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 1.58 duniani walikuwa na kipato kisichotosha kununua mlo huo.

Kama kaunti inataka kusaidia, chekechea ziko mikononi mwake tangu ugatuzi. Pesa za semina moja, yaani ukumbi, marupurupu na mafuta ya gari, zinunue ndengu na kunde soko la Ishiara wakati wa mavuno, zipikiwe watoto huko huko. Bango libaki pale ukutani. Lenyewe halidai marupurupu.