Kabla ya kununua chupa ya bakteria wa kula sumu

Vijana wenzangu, wiki hii nimeulizwa mara mbili kuhusu chupa za bakteria wa kusafisha udongo wenye sumu. Jibu langu: shika hela yako kwanza.

Sisemi ni uongo. Mwaka 1989, mafuta ya meli ya Exxon Valdez yalipochafua fukwe za Alaska, moja ya tiba ilikuwa kumwaga mbolea ya naitrojeni na fosforasi. Bakteria wa kula mafuta walikuwepo tayari, ila mafuta peke yake kwao ni ugali bila mboga.

Sasa njoo kwenye nyanya zako. Ukimaliza kupiga dawa, bomba unasuuzia wapi? Mferejini. Nimeona kwa macho yangu, na hatua chache chini mama anachota maji. Na mimi sijitoi. Nilipoanza kazi nilikuwa nawaambia wakulima "mwaga mbali na nyumba", basi. Mbali na nyumba yako ni karibu na ya nani?

Wenzetu wa Sweden walijenga kitanda cha kusafishia maji hayo mwaka 1993, na chetu tunaweza kukijenga bila fundi. Chimba shimo la sentimita 60. Chini shindilia mfinyanzi sentimita 10 ili maji yasipenye. Juu yake jaza mchanganyiko: nusu mabua makavu yaliyokatwakatwa, robo udongo wa juu wa shamba lako, robo mboji. Mabua usiyapunje, maana ndiyo chakula cha ukungu unaoozesha miti, na vimeng'enya vyake vinavyovunja ugumu wa mabua huvunja na dawa nyingi. Acha wiki sita hadi nane mchanganyiko uive. Otesha nyasi juu, ezeka kibanda mvua isifurishe, kisha bomba lioshwe hapo tu. Yakipungua na kushuka, ongeza mabua.

Ila msinielewe vibaya. Maji ya kusuuzia, ndiyo. Dawa iliyobaki kwenye chupa, hapana, utawaua hao hao unaowafuga. Na shaba iliyomo kwenye dawa nyingi za ukungu haivunjwi na kijidudu chochote, inabaki humo humo. Kwa hiyo udongo wa kitanda usiupeleke kwenye mchicha, na nyasi zake ng'ombe asizile.

Mwenye mabua ya mpunga asiyachome msimu huu.